Sentensi Ambayo Sikuiandika

Longonot, 10 Machi 2025

Wifi yangu Trizah,

Pokea salamu za huku Longonot. Mimi na watoto tuko salama, ni vumbi tu linatusumbua. Natumai Mama anaendelea vizuri hapo kwako Kiamunyi na miguu imeacha kufura. Nakuandikia barua pepe kwa sababu WhatsApp umenifungia tangu Jumamosi, na nikipiga simu hushiki.

Yale uliyonifanyia kwenye kikao cha chama yamekataa kushuka. Nilikuja Nakuru kama mwanachama mwingine yeyote, nikasoma hadithi yangu, nikakaa kungoja maoni. Nimekuwa kwa Chama cha Waandishi wa Bonde la Kati muda wa kutosha kujua kwamba maoni huuma. Cheruto aliambiwa mashairi yake yanafanana na matangazo ya mazishi, na akarudi mwezi uliofuata. Mzee Wamalwa, kama mwenyekiti, hutukumbusha kila mara kwamba tunachambua karatasi, hatuchambui mtu.

Wewe ulisimama, mkuu wa kamati ya usomaji, ukaweka miwani mezani, ukasema, "Mwanamume mzima harudi kwenye maji yenye viboko bila mtu kumtuma. Huyu mke anaficha nini?" Kisha ukanitazama. Hukuitazama karatasi.

Kila mtu pale anajua mume wangu Jeff alikufa vipi. Wanajua ziwa lilipopanda tulihama kutoka nyumba yetu ya Kihoto, wanajua alirudi kwa ile nyumba na kiboko akamuua, na wanajua mke alikuwa nani. Watu walianza kuangalia viatu vyao. Cheruto alinishika mkono chini ya meza kama mtu aliyefiwa upya.

Kama una neno na mimi, niite kando uniambie. Usilivalishe nguo za uhakiki.

Wifi yako,
Adero

*

Kiamunyi, 14 Machi 2025

Kwa wifi Adero,

Salamu nimezipokea. Mama hajambo, anaota jua.

Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na sijawahi kumbembeleza mwandishi. Hadithi yako ina kasoro moja kubwa, nami niliitaja. Mwanamume ameshatoa watoto, ametoa magodoro, amefika barabarani salama. Halafu, katika aya moja tu, anageuka na kurudi majini. Kwa nini? Husemi. Umeruka hapo kama mtu anayeruka mtaro. Msomaji akiona pengo, atalijaza mwenyewe, na usimlaumu akilijaza na mke.

Hayo ya viatu na mikono chini ya meza si kazi ya kamati. Ukitaka hadithi iingie kwenye kitabu cha chama, irekebishe. Kama maoni yanakuumiza hivyo, kuna vikundi vya kina mama ambako kila mtu hupigiwa makofi.

Wifi yako,
Trizah

*

Longonot, 17 Machi 2025

Wifi Trizah,

Hatujambo. Msalimie Mama, mwambie watoto wanamuuliza.

Unataka sababu. Wacha nikupe, maana unaijua kuliko mimi.

Tulikuwa tumesimama barabarani na vitu vyetu. Jeff alikuwa amelowa hadi kifuani. Simu yake ikalia, mikono ilikuwa na tope, kwa hivyo mimi ndiye niliyeishika na kuiweka kwa sauti ya juu. Ilikuwa wewe. Hukumuuliza kama tumekula wala kama watoto wametoka. Ulisema, "Jeff, mabati ya Baba usiwaachie wezi. Rudi uyatoe." Akakwambia maji yameingia sana na viboko wameonekana kwa plot ya jirani. Ukamwambia Baba alifanya kazi reli maisha yake yote kujenga hiyo nyumba, na kama yeye ni mwanamume ataokoa hata paa. Akanipa shati lake nishike. Nilimwambia asiende. Akasema atakuwa mwepesi.

Hiyo ndiyo aya niliyoiruka. Niliiruka kwa makusudi, miaka hii yote, hata kwa mazishi, wakati shangazi zako walikuwa wakinong'ona jikoni kwamba nilimtuma mume wangu kufuata televisheni. Sikujua hayo maneno yalianzia wapi. Sasa nafikiri najua.

Nilikuachia hiyo nafasi kwa sababu uliondokewa na ndugu, nikasema inatosha. Na wewe unasimama mbele ya watu kuniuliza kuna nini hapo.

Naandika upya. Sababu utaipata.

Adero

*

Kiamunyi, 19 Machi 2025

Adero,

Nimesoma ujumbe wako na nimeufuta.

Siku ile nilipiga simu kuwajulia hali, basi. Mtu akiwa kwenye msiba husikia mambo mengi. Jeff hakuwa mtoto wa kutumwa na dada yake, na mtu aliyekuwa karibu naye, mwenye uwezo wa kumshika shati likiwa bado mgongoni, hakuwa mimi.

Sikiliza vizuri. Mama huyu ninayemlea husoma kila kitabu cha chama, neno kwa neno, na kioo chake cha kukuzia. Ukiandika hayo maneno na akayasoma, na moyo wake ulivyo, nitakuhesabia wewe. Usithubutu.

Acha hadithi ilivyo. Nitaipitisha kama ilivyosomwa kikaoni. Ulitaka kuchapishwa, utachapishwa. Tusiandikiane tena juu ya hili.

Trizah

*

Longonot, 2 Agosti 2025

Trizah,

Sikuwa nimepanga kukuandikia. Uliposema utaipitisha ilivyo, nilikubali. Si kwa sababu yako. Nilimfikiria Mama na kile kioo chake, nikaifungia ile aya mpya, nikanyamaza. Tangu Machi sijakusumbua hata kwa salamu.

Leo Mzee Wamalwa ameniletea nakala ya kitabu, akipita kwenda Mai Mahiu. Nilifurahi, nisikudanganye. Niliwaita watoto, nikawaonyesha jina langu, nikaanza kuwasomea.

Nikafika barabarani. Mimi niliandika, "Mwanamume aligeuka akarudi majini." Kitabuni imeandikwa, "Mkewe alimwonyesha nyumba kwa kidole, naye, kama kawaida yake, akatii. Mwanamume aligeuka akarudi majini."

Niliisoma kwa sauti kabla macho hayajaelewa. Binti yangu, ambaye ana macho ya baba yake, akaniuliza, "Mama, kwani ulimwambia aende?"

Nimempigia Mzee Wamalwa. Anasema kamati ilimkabidhi kazi ikiwa tayari, na aliyepitia hadithi yangu mara ya mwisho ni wewe peke yako. Ana aibu, lakini vitabu vimeshatoka.

Umeweka uongo kinywani mwangu na jina langu chini yake. Nataka chama kiambiwe. Uzinduzi ni Jumamosi ijayo, na mimi niko kwa orodha ya wasomaji. Nitakuja.

Adero

*

Kiamunyi, 4 Agosti 2025

Adero,

Mhariri ana haki ya kuziba pengo ambalo mwandishi amekataa kuliziba. Ulipewa nafasi.

Ukija Jumamosi utasoma kilichochapishwa au hutasoma kabisa. Mama atakuwepo, nimeshamwahidi. Kwa hivyo fikiria utafungua mdomo kusema nini. Ushauri wangu ni ukae nyumbani.

Trizah

*

Longonot, 12 Agosti 2025

Trizah,

Naandika kwa sababu uliondoka ukumbini kabla ya mwisho, na nasikia unaambia wanachama kwamba nilimdhalilisha Mama mbele ya watu. Hukuwa ndani. Wacha nikwambie yaliyotokea.

Nilikuwa nimekuja na karatasi mbili mfukoni. Moja ilikuwa na hadithi ilivyokuwa mwezi wa tatu, nyingine ilikuwa na simu yako. Hadi naitwa jina sikuwa nimeamua. Mama alikuwa kiti cha mbele na ile sweta ya kijani, ameshika kitabu, kioo juu ya ukurasa wangu. Alikuwa ameshaisoma, Trizah. Aliponiona nasimama aliinamisha kichwa. Mama, ambaye tangu niolewe hajawahi kunikwepa macho. Ndipo nikajua nitasoma ipi.

Nilisoma ile ya simu. Nilipofika kwa mabati ulichukua mkoba ukatoka. Nikaendelea hadi shati. Kisha nikakaa chini.

Mzee Wamalwa aliuliza kama kuna maoni. Mama akainua mkono kama mtoto wa darasani. Alisema hawezi kusimama, angeongea akiwa ameketi.

"Simu alipiga Trizah," akasema. "Aliyemwambia apige ni mimi."

Alieleza polepole. Ulikuwa umemhamishia Kiamunyi siku chache kabla. Siku ile alishinda akiililia nyumba ya mumewe, na hakukupa nafasi ya kupumua hadi ukachukua simu. Maneno ya kazi ya reli na ya kuokoa paa yalikuwa yake, alikuwa ameketi kando yako akiyasema, wewe ukiyarudia. Alisema ameishi akijua. Alisema alifikiri mimi pia najua, na kwamba nilikuwa nimemsamehe, ndiyo maana sikuwahi kulitaja. Ya televisheni hakuwa amewahi kuyasikia. Ulimfichia.

Kisha akaniuliza mimi, si ukumbi, "Mwanangu, umebeba hii kitu kwa jina langu?"

Nilimfuata nikakaa karibu naye. Cheruto ndiye aliyetuletea maji. Hakuna aliyepiga makofi, na kikao kikafungwa hivyo hivyo.

Kwa hivyo sasa naelewa ulikuwa unamkinga nani. Nimekaa na hilo siku hizi zote nikitafuta kama litapunguza hasira. Ningekuwa wewe, labda mimi pia ningemkinga. Lakini ungeweza kumkinga kwa kunyamaza, kama nilivyokukinga wewe. Ulitaka pia mtu wa kuelekezewa kidole, na ukaona mimi natosha. Ulinipeleka jikoni kwa shangazi zako, ukanipeleka mbele ya chama, na ilipokosa kutosha ukaniandikia ungamo na kulitia sahihi yangu, watoto wangu walisome. Mama hakukutuma hayo.

Mzee Wamalwa ameniambia kamati itachapisha ukurasa wa masahihisho na kwamba umejiuzulu. Sikuomba ujiuzulu.

Mama yuko hapa kwangu. Alikataa kurudi Kiamunyi na gari lako, na sijui kama anaogopa kukuangalia au kuangaliwa na wewe. Anakula vizuri. Jana aliwasimulia watoto jinsi baba yao alivyokuwa akijificha chini ya kitanda siku za kuoga. Wamecheka hadi wakaomba arudie.

Anauliza kama utakuja Jumapili. Nimemwambia sijui. Njoo umwone mama yako, geti litafunguliwa na chakula kitakuwa mezani. Binti yangu atakukaribisha, maana wewe bado ni shangazi yake.

Mimi utapata nimetoka.

Mke wa Jeff