Video ya Paa wa Harusi Yangu

Guangzhou

Mjomba wangu Maulid, shikamoo.

Ndoa tamu, mjomba! Othman ananiita malkia mbele ya Wachina wanaomuuzia viatu soko la Liuhua. Juzi alirudi kwa basi kutoka Shiling, mji wanakoshona mikoba, na mkoba mwekundu, eti kwa sababu asubuhi nilicheka vizuri. Akisinzia, mimi nakaa tu namtazama.

Yule paa mliyetusakia kwa karamu bado anasifiwa. Video niliyoiweka mtandaoni, ya mbwa, nyavu na wewe ukipuliza pembe, ilitazamwa na watu laki mbili. Othman alijigamba, "Mke wangu nyota!"

Mama ameniambia habari za mguu wako. Wewe kwenye simu uliniuliza tu kama huku kuna baridi. Anasema wageni walikuja na bunduki kusaka kichakani kwenu, wakaona majani yanatikisika, wakafyatua. Nyuma ya majani ulikuwa wewe. Daktari ameukata gotini.

Wasasi hamtaji jina la kichaka mbele ya asiyesaka. Mimi ulinitajia utotoni, nikiwa mabegani mwako, nikaapa kutolitaja. Naogopa kukuomba radhi kwa simu, maana utanisamehe upesi.

Nimeifuta video, lakini watu walishaisambaza. Jana muuza duka jirani, Mtanzania mwenzetu, alinionyesha video hiyo akicheka. Mbwa wanabweka, wewe unakimbia kwa miguu yako miwili, kisha inakuja sauti yangu, yenye furaha: "Hapa ni Kwa Mwanakombo, karibuni nyote!"

Mpwa wako,
Shifa