Mawese Tuliyoyavusha Ziwa

Mjukuu wangu Neema,

Amahoro, amani kwako, kutoka hapa Rumonge, Burundi. Babu yako anakohoa kidogo tu, anakusalimu.

Umeuliza kanisa lenu la huko limsaidieje mmisionari mnayemtuma nchi ya mbali. Nikiwa msichana, sisi tulimtuma wetu Kongo. Wanawake tulikamua mawese, tukajaza bidoni, yale madumu makubwa, tukavuka ziwa tukiimba. Mkewe alitupokea akitetemeka kwa malaria, nyuma ya nyumba kuna shamba zima la michikichi.

“Mawese iko hapa,” alisema. “Nani kati yenu aliniuliza?”

Wenzangu walirudi. Mimi nilibaki kumbebea mtoto wake mpaka mama huyo akapona.

Ulizeni kwanza, mama. Mwezi ujao tunamtuma mwingine kulekule. Mkewe tumemuuliza: anataka mtu wa kusali naye kwa Kirundi. Bidoni zitabaki. Nitakwenda mimi, na magoti yangu haya mabovu.

Bibi yako