Sikio langu na chumvi ya soseji

Ijumaa, Mtopanga. Mvua imegoma tena na chumba kinachoma. Kichwa hakiumi, chakula kinapita. Sikio la kulia bado kimya.

Naandika kwa sababu nimechoka kueleza. Mimi ni fundi wa soseji za nguruwe kwenye karakana ndogo kule Changamwe. Chumvi tulikuwa tunaionja nyama ikiwa mbichi. Ukishajaza utumbo umechelewa. Kila asubuhi nilikuwa nachota nyama ya kusaga kwa kidole, naramba, naongeza pilipili manga. Niliuringia sana ulimi huo.

Kisha ikaja homa, kutapika na shingo isiyogeuka. Hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo, na bakteria wake wametoka kwa nguruwe. Huenda walipitia mdomoni, huenda kwenye kidole kilichokatwa na kisu. Sindano zilinirudisha. Sikio halikurudi, na daktari hakuniahidi kitu.

Nimelia, basi.

Kilichoninyima raha zaidi ni Bi Salama, mwenye nyumba. Tangu nihamie hapa kutoka Kitui amekuwa mama yangu. Jioni hukaa barazani akikuna nazi, upande wa kulia ukiingia. Mimi husema shikamoo, naye salamu zake hazina haraka: atauliza kazi, mwili, watu wa bara. Tangu nitoke hospitali nilikuwa nampa mgongo katikati ya maneno bila kujua. Jana hakuniitikia kabisa.

Kumweleza sikio ni kumweleza na nguruwe. Yeye anajua nafanya kazi ya nyama tu, na kahawa nanywa kwenye vikombe vyake. Niliogopa kuvikosa.

Leo amenisimamisha.

"Wanipa mgongo, mwanangu. Nimekukosa nini?"

Nikamwambia yote, nguruwe, kidole na ulimi. Akasema astaghfirullah, polepole. Nikaanza kujiondokea.

"Sikio zima ni lipi?"

Nikagusa la kushoto. Akainuka na mbuzi yake ya kukunia na bakuli la nazi, akahamia upande wa pili wa mlango.

"Haya, nisalimu upya."

Kahawa ilikuja kwenye kikombe kile kile.

Jumatatu narudi kazini. Nitavaa glavu, na nyama ya kuonja itapita kikaangoni kwanza. Nikirudi jioni, shikamoo ni kushoto.