Ile Nusu ya Oksijeni

Maka,

Ni mimi, mwalimu wako wa kemia. Utanisamehe mwandiko. Daktari amesema kifua hiki hakina muda mrefu, na leo baada ya sala ya alasiri binti yako Hawo anakuja hapa kwangu Garsen pamoja na ami yake Barisa, ndugu ya marehemu mumeo. Sijui nitaanzaje kusema nao. Naanza kwako.

Tangu ile homa ya baada ya mafuriko ikuchukue, Hawo anakaa kwa Barisa. Yuko kidato cha tatu. Kila Jumamosi huja nimfundishe moli, ananiita Babu, na hunichemshia maji ya dawa bila kuombwa. "Mama alisema wewe ndiye uliyemfanya apende kemia," aliniambia. Maka, mbona hukumwambia lile lingine?

Juzi alileta daftari lako. Lilikuwa katika sanduku la bati, maji yakaharibu jalada tu. Akafungua ukurasa wenye mkasi, ile alama ya kosa, wa wino mwekundu, mkubwa, wa hasira.

"Babu, huyu aliyesahihisha mbona amekosea? Jibu la Mama ni sawa."

Nikakohoa. Nikamwambia aliache, nitalitazama. Nimelitazama siku tatu.

Chuma asilimia sabini, oksijeni asilimia thelathini. Tafuta fomula sahili. Uligawa kila kimoja kwa uzito wa moli yake, sabini kwa hamsini na sita, thelathini kwa kumi na sita. Kisha ukagawa majibu yote mawili kwa lile dogo, ukapata chuma moja, oksijeni moja na nusu. Mimi ubaoni ile moja na nusu nilikuwa nimeifanya mbili, nikaandika chuma moja, oksijeni mbili. Ukasimama.

"Mwalimu, nusu ya atomi haipo, lakini hatuwezi kuijazia tu. Tuzidishe zote kwa mbili. Chuma mbili, oksijeni tatu."

Ulikuwa msichana peke yako, Muorma, binti wa mfugaji kati ya watoto wa wakulima, na mimi Mpokomo wa kijiji cha Hewani, mkulima kama wao, niliona macho yote yamenigeukia. Maneno yangu nayakumbuka moja moja.

"Keti! Baba yako hata ng'ombe wake hawahesabu, huwatazama tu kwa macho. Wewe utanifundisha kuhesabu atomi?"

Walicheka, Maka. Walicheka hao hao uliowaelewesha wiki moja kabla, pale nilipokuwa nimeshindwa. Uliwaambia, "Ng'ombe kumi na mbuzi kumi, kumi ni ile ile, kinachobadilika ni uzito. Moli ndiyo hiyo." Sentensi hiyo niliitumia miaka yote mpaka nikastaafu, nikaifanya yangu.

Na hili hulijui. Siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, nilifungua majibu nyuma ya kitabu. Chuma mbili, oksijeni tatu. Nikakifunga. Kesho yake ulipoleta daftari nilikutia mkasi huku najua. Ulipouliza sababu, nikamwita baba yako, nikamwambia kwamba umenivunjia heshima. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu hawezi kusema uongo," akasema, akakuondoa shule. Neno langu moja lingemzuia. Nilinyamaza, nikakutazama ukivuka kiwanja.

Sasa Barisa anamwambia Hawo, "Mama yako alifukuzwa kwa ujeuri, na hesabu zilimshinda. Na wewe muhula huu ukiisha, shule basi." Leo anakuja kuniuliza mimi mwenyewe kama ni kweli. Hawo asema ami yake atakubali neno la mwalimu, lolote litakalokuwa. Unasikia? Kama baba yako vile.

Naogopa. Huyu mtoto ndiye peke yake anayeingia nyumba hii akicheka. Asubuhi nilijaribu maneno laini: kwamba hatukuelewana, kwamba ni zamani, kwamba mambo ya shule... Nikaona ni ile nusu tena, naijazia ili hesabu ipendeze.

Mkasi sijaufuta. Chini yake nimeandika, "Jibu ni sahihi. Mwalimu alikosea, akajua, akanyamaza," nikatia sahihi yangu. Nitampa Hawo alisome kwa sauti mbele ya ami yake. Akiona haya kulisoma, nitalisoma mimi. Nakuahidi hilo, Maka, na akinichukia baadaye nitalipokea.

Sikuombi radhi leo. Nitaiomba nikikukuta huko, nimesimama, wewe umeketi.

Kandambili zinasikika uani. "Hodi, Babu!" Na nyuma yake fimbo inagonga kizingiti.

Pumzika, mwanangu. Naenda kuwafungulia, daftari ninalo mkononi.

Mwalimu wako