Sufu Inanuka Nywele

Jumanne, 9 Septemba
...na bado nasema hakuna mume kama wangu Chikongola nzima. Jana niliandika hivyo, leo sibadilishi neno. Mashine ya leza imefika! Tumeiweka chumba cha mbele, pale palipokuwa pa makochi. Tutakaa mkekani, sijali. Kassimu anachora moyo kwenye kompyuta, anabonyeza, na mwanga mwembamba unakata kitambaa cha sufu bila mkasi. Moyo wa kwanza kanipa mimi. Mwekundu, kingo zake kahawia kama chapati. Nimeubana kwenye ushungi.

Dosari moja tu – sufu ni manyoya ya kondoo. Ikipita moto inanuka nywele zilizoungua.

Alhamisi, 11 Septemba
Kassimu haendi tena kijiweni. Anakata maua ya vibanio vya nywele vya watoto, mimi nabandika kwa gundi. Tunatazamana, tunakosea, tunacheka. Dirisha liko wazi ili moshi utoke. Unatoka – unaingia kwa jirani, Mama Sharifa.

Leo alikuwa uani anatwanga kisamvu. "Bi harusi, mbona kila jioni mnachoma nywele?"

Nikamwambia si nywele, ni sufu ya kondoo.

Mchi ukabaki hewani. "Kumbe na kondoo yumo."

Ijumaa, 12 Septemba
Mtaa mzima unajua nimemlisha Kassimu limbwata. Ushahidi wanao: kijiweni haonekani, nguo zangu anaanika yeye, na jana alinipigia simu akiwa dukani, mbele ya watu, kuniuliza napenda sabuni ya harufu gani.

Nimelia. Si kwa ajili ya mtaa – kwa ajili ya Mama mkwe, kule Mahurunga. Siku ya ndoa alinishika mkono: "Nakukabidhi akiwa na akili zake. Nimkute nazo." Akiyasikia haya, nitamtazama vipi?

Kassimu kanifuta machozi kwa moyo wa bluu. Unakwaruza, lakini ni moyo. Kasema atawaita majirani waje waione mashine, maneno yaishe.

Jumapili, 14 Septemba
Walikuja. Kassimu alieleza kwa upole, kama mwalimu. Halafu mpenzi wangu huyo akakata jina langu, kama mfano.

Fikiria wao walichokiona. Mwanaume kainama, jina la mkewe linawaka, moshi unanuka nywele. FARIDA. Vipande vya ndani ya herufi vikadondoka. Mama Sharifa akaviokota, akavifunga kwenye pindo la kanga.

"Hivi sasa," akaninong'oneza, "huwa unaviweka kwenye chai au kwenye mchuzi?"

Jumanne, 16 Septemba
Yamefika Mahurunga. Mama mkwe kapiga simu Kassimu akiwa sokoni. Shikamoo yangu iliitikiwa kwa mbali.

"Nimesikia," akasema.

Nikajitetea, ulimi unajikwaa. Mama, ni sufu. Mama, ni kompyuta. Ni umeme tu, Mama.

"Umeme hata huku tunao. Hautufanyii hivyo."

Nilidhani atakata simu. Nikaanza kufikiria nguo zangu zitaingia mabegi mangapi.

Kisha sauti ikashuka. "Baba mkwe wako yuko hapo nje, anacheza bao. Tangu anioe anacheza bao. Sabuni hajui hata ninayotumia." Akakohoa. "Sasa mwanangu, hiyo mashine, lazima anayefanyiwa awepo mwenyewe?"

Mlango ukagongwa – Kassimu karudi, kaniletea maembe, anauliza kwa ishara nani huyo. Nikashindwa kuwajibu wote wawili.

"Umenyamaza, naelewa, hayo si ya kwenye simu," Mama akasema. "Kassimu asijue. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa hapo kwenu. Nakuja na kofia ya baba yake."