Mbuzi Mmoja, Meza Mbili

Shikamoo Dada Maria. Baridi ya Sumbawanga imenivalisha masweta mawili, na moja ni lako.

Leo nilikuwa mkalimani wa wataalamu kutoka Ulaya, waliokuja shule moja ya Pito kufundisha watoto kuvumiliana kidini. Somo la kwanza, wakawabandika vibandiko: kijani Waislamu, njano Wakristo! Mchana wakaandaa meza mbili, eti kuheshimu tofauti.

Mpishi, Mama Skola, akabaki ameshika upawa. "Mimi Mkatoliki nimemwita mzee Hamisi atuchinjie mbuzi, ili wote wale. Sasa hii sufuria moja niipasue?"

Nilishindwa kutafsiri kwa kicheko. Watoto hawakungoja. Walisogeza meza zikawa moja, wakala ugali wao wa ulezi kwa mbuzi yule, vibandiko wamevitupa chini.

Jioni nimepewa ripoti niitafsiri: "Baada ya mafunzo yetu, watoto sasa wanakula pamoja." Eti hata Mama Skola ataandaliwa cheti cha kuhitimu mafunzo!

Nimewakumbuka sana. Mwambie shemeji Juma kuku wa Krismasi achinje yeye kama kila mwaka, kabla wataalamu hawajaja kutufundisha.

Mdogo wako,
Agnes