Nguzo za Mpwa Wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya hiyo nyumba ya kupanga. Natumaini goti limepungua maumivu na shemeji amepata usingizi. Mimi mzima, ila moyo umechafuka.

Jumatatu mwanao alinipeleka kuona jengo lake, lile alilokuahidi vyumba ndani yake. Alianza na mahesabu, akijisifu kwamba hakuna mhandisi mwenziwe mwenye nguzo nyembamba kama zake. Wewe hesabu ulinishinda tangu shuleni, kwa hiyo utanielewa. Sheria ya ujenzi inamruhusu mhandisi kuchagua daraja la unyumbufu, yaani kiasi jengo litakavyoweza kupinda bila kuvunjika. Akichagua la chini, jengo linabeba karibu nguvu yote ya tetemeko, na nguzo zinakuwa nene. Akichagua la juu, anaigawanya nguvu hiyo kwa tano, nguzo zikawa nyembamba, kwa sharti kwamba ziweze kupinda sana bila kukatika. Ndiyo maana ringi za nondo, zile pete zinazozizunguka nondo za wima, lazima zikaribiane, na ncha zake zikunjwe kuelekea ndani, zing'ate kiini cha nguzo.

Mwanao aligawanya kwa tano. Tukapanda juu, kwenye nguzo ambazo hazijamwagiwa zege. Ringi zimeachana hata mkono wangu ukapita mpaka kwapani, na ncha zimebaki nje nje kama kulabu za kutundikia makoti. Amechukua nafuu ya daraja la juu, akafunga nondo za daraja la chini! Msimamizi wa mafundi akanitania kwamba naipapasa nguzo kana kwamba nataka kuiposa, na wote wakacheka, mwanao akiwamo.

Nilipomuuliza, alisema ringi zikibanana mafundi wananuna, na wakaguzi wanasoma mahesabu tu, hawapandi ngazi. Akaongeza kwamba sisi wazee tuliohamishwa kwetu na tetemeko tunashtuka hata kijiko kikitikisika kwenye kikombe. Nilimsihi achague moja: anenepeshe nguzo, au afungue nondo na kuzifunga inavyotakiwa. Akasema namtia aibu mbele ya watu wake.

Sasa nikuambie kabla hujasikia kwake. Jana nilikwenda ofisi ya ukaguzi nikamshtaki, mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika rula. Wakaguzi walipanda ngazi pamoja nami. Kazi imesimamishwa, leseni yake imezuiwa. Amenitumia ujumbe kwamba hana mjomba. Nawe ukitaka kusema huna kaka, sema, lakini usinitetee kwamba ni kijana. Kanuni aliijua vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo linalonitia kinyaa.

Najua vyombo umekwisha kuvifunga kwenye maboksi. Vifungue, mdogo wangu.

Msalimie shemeji. Nakuombea afya njema, hata usiponijibu.

Ni mimi kaka yako